Humu Mna Njugu?

Jumapili ya leo nimeshinda jikoni. Nasema jikoni kwa heshima tu: ni kona ya chumba chetu hapa Tudor, Mombasa, yenye meko ya gesi, ndoo ya maji na sufuria zilizotundikwa misumarini. Nimesaga wimbi na mtama kwa blenda ya kuazima mpaka ikaanza kunuka waya, maana unga wa uji wa kununua siugusi. Mwenzangu wa chumba amenicheka hadi akajifuta machozi. Yeye huchukua unga wa lishe kule Kongowea, ule ambao muuzaji huunadi kwa kutaja kila alichotia: wimbi, mtama, mahindi, soya, omena, njugu. Kwake yeye hiyo ni afya tupu. Kwangu mimi, mwenye mzio wa njugu, ni midomo kuvimba, koo kubana na safari ya hospitali.

Hata nikijichagulia nafaka zangu nikazipeleka mashineni, mashine ni ileile. Aliyenitangulia foleni kasagisha njugu na soya, na hakuna mashine inayooshwa baina ya mteja na mteja. Unga wangu wa mwanzo utatoka na masalio ya unga wake. Masalio hayo yananitosha.

Mzio wa njugu karanga ninao tangu utotoni. Nyumbani Malindi haukuwa jambo la kuzungumzwa sana, kwani mama alizipiga marufuku njugu mlangoni na mtaa mzima ukazoea. Nikiingia nyumba ya watu nilikuwa nikisikia, "Huyo msimpe kashata!" kabla sijavua viatu. Hapa mjini hanijui mtu, na mji wenyewe hula nje. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana ni wali wa kibandani, jioni ni viazi karai na bhajia. Jumamosi wenzangu hushuka Lighthouse, wakakaa ukutani kutazama meli zikiingia bandarini huku wakitafuna kachri na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa, ukatiwa ndimu na pilipili. Katikati ya wiki hakuna anayepika. Ukisema wewe unapika chumbani kwako, umesema pia kwamba utakula peke yako.

Watu hunihurumia kwa chakula ninachokosa, nami sioni nilichokosa kikubwa. Mapishi ya Pwani yanasimama juu ya nazi, na nazi hainidhuru. (Marekani waliihesabu nazi pamoja na lozi na korosho katika orodha ya vyakula vya mzio hadi mwaka 2025, ndipo wakaiondoa. Ningezaliwa huko, huenda ningekua nikilikimbia tui!) Mbaazi ndizo zilizowahi kunitia wasiwasi, baada ya kusoma kwamba karanga haimo kabisa katika jamii ya korosho na lozi, bali ni ndugu wa kunde, mbaazi na dengu. Nikaziacha mbaazi, nikawa nameza mahamri kwa chai kama mgonjwa. Daktari ndiye aliyenirudisha: walio wengi wenye mzio wa karanga hula kunde na mbaazi bila neno, na kwa kuwa mimi nilizila miaka yote nisipate hata kipele, niendelee kuzila. Korosho nayo nilipimwa, nikaambiwa haina shida kwangu. Lakini ya barabarani siinunui, maana wauzaji wengi huikaanga katika karai lile la njugu.

Harufu pia nimeshaacha kuiogopa. Zamani nikifika kivuko cha Likoni, pale wauza njugu wanapopita na vikaratasi vyao vya moto, nilikuwa nikiziba pua kwa mtandio. Kumbe kinacholeta mzio ni protini, na harufu peke yake haiibebi. Vumbi la maganda ni jambo jingine, na hapo husogea. Na wale wanaoniambia, "Basi kula za kuchemsha," wamepata nusu ya ukweli. Njugu zinazokaangwa kavu kwa moto mkali huwa na ukali zaidi kwa wenye mzio kuliko zilizochemshwa. Ila ukali kupungua si ukali kwisha, na mimi sikukusudia kufanyia majaribio koo langu.

Kinachonisumbua ni kukataa. Mtu wa Pwani ukimwambia huli alichokupakulia, anasikia umemkataa yeye. "Onja tu mwanangu, bismillahi, kidogo hakidhuru." Nimeambiwa hivyo na wazee ninaowaheshimu, na hakuna sentensi ngumu kuijibu kama hiyo, kwa sababu imesemwa kwa mapenzi. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme. Jioni sahani zinatembea mlango kwa mlango: muhogo wa nazi, kaimati, tambi, sambusa, na sahani ya mtu hairudi tupu. Nikazipokea zote, nikashukuru, na kabla ya adhana nikawa nishamwuliza mtoto aliyeleta, "Mama kapika nini na nini leo?" Watoto husema kweli. Mmoja alinijibu, "Mama katia njugu kwenye visheti, lakini baba hajui."

Tena neno lenyewe aleji limeshashuka thamani. Darasani kila wa pili anayo. Kuna mwenzetu anayeapa ana aleji ya jodari tangu usiku mmoja alipokula wa kukaanga, akawa mwekundu uso mzima, kichwa kikamgonga. Ukimhoji vizuri, anakwambia samaki alishinda juani kabla ya kukaangwa. Jodari akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayowasha, ndani ya nyama, na moto wa karai hauiondoi. Yeyote atakayekula anaweza kuwashwa, awe na mzio au asiwe nao. Kaka yule alikula samaki aliyeharibika, basi. Lakini hadithi kama zake zinapozagaa, nami nikisema "nina aleji", weita ananiona mmoja wa wale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na karibu kila anayenishauri. Wote husema, "Kula hoteli kubwa, huko ndiko salama." Mimi nimepelekwa hospitali na hoteli kubwa, yenye feni, menyu ya plastiki na maua mezani. Jina lake nalihifadhi. Niliagiza kuku wa kupaka. Nikauliza, kama ninavyouliza kila mara, "Humu mna njugu?" Weita akajibu, "Hakuna, dada," kwa adabu kabisa, na kabla hata sijamaliza kuuliza. Hakwenda jikoni. Baada ya tonge chache ulimi ukaanza kuniwasha, kisha koo, kisha nikasikia moyo ukipiga masikioni. Mwenzangu wa chumba alinipakia kwenye tuktuk. Nilidungwa sindano ya paja, nikapumua, halafu wakanizuia kitandani saa kadhaa kwa sababu mzio mkali huweza kurudi wimbi la pili hata kama hukula tena. Siku za baadaye mwenzangu alipita kuwauliza. Jikoni wakamwambia njugu ya kusaga ilikuwa "kidogo tu, ya kuukolezea mchuzi." Weita hakudanganya kwa ubaya. Hakujua, na aliona haya kusema "ngoja nikaulize."

Sasa nimtaje mama wa viazi wa hapa njiani kwetu, ambaye hana menyu wala meza. Mara ya kwanza nilipomwuliza, aliweka upawa chini akaanza kuhesabu. Viazi: unga wa ngano, chumvi, bizari. Bhajia: unga wa dengu. Mafuta: akainua dumu nilione, kwa kuwa nilimwambia mafuta ya kupima nayaogopa, mtu hajui yametoka wapi, na ya karanga yaliyokamuliwa bila kusafishwa hubaki na protini yake. Akafika kwenye chatini. "Hii nyeupe ni nazi, ndimu na pilipili. Hii nyekundu natia njugu iwe nzito. Hii usile." Kisha akaniuliza yeye, swali ambalo hoteli haijawahi kuniuliza: "Na kijiko?" Maana kijiko kilikuwa kimoja kwa chatini zote mbili. Tangu siku hiyo nyeupe ina kijiko chake. Nikitokea tu, anamwambia binti yake anayemsaidia, "Huyo wa nyeupe huyo!" na watu wote kwenye foleni wananigeukia. Aibu yake naivumilia.

Nimesoma kwamba nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, zinamlazimu kila muuza chakula, hata hoteli, kumjulisha mteja kama kuna chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga ikiwemo. Ningeipenda sana sheria kama hiyo hapa, hasa kwa hoteli za aina ile. Lakini kwa vibanda sijui ingeongeza nini. Aliyekuna nazi, akaukaanga unga na kuuosha upawa ni mtu mmoja, naye amesimama mbele yangu. Hoteli ina mnunuzi, mkataji, mpishi wa zamu ya asubuhi, mpishi wa jioni, na weita ambaye hawamwambii kitu. Kwa hiyo kanuni yangu ya kula nje imebaki moja: nazungumza na aliyeshika mwiko, na kama siwezi kumfikia, naagiza soda. Wenzangu huona nina maringo.

Sinia ndiyo ngumu zaidi. Pilau ya kula pamoja, mikono sita ndani, na mmoja wao ametoka kutafuna njugu njiani. Jeli ya kupaka mikononi haisaidii. Inaua vijidudu lakini protini ya njugu inabaki palepale vidoleni. Maji na sabuni ndiyo yanayoiondoa. Bahati yangu ni kwamba huku kwetu kunawa kabla ya kula ni desturi, kwa hiyo mimi hujitolea kubeba birika na sabuni, nikawapitia mmoja mmoja. Wananiona binti mwenye adabu. Nawaacha waone hivyo.

Mchana, uji ukipoa, tulifanya tena mazoezi ya sindano. Zile kalamu za adrenalini (dawa ya mzio mkali) za kujidunga mwenyewe, ambazo wenzetu wa Ulaya hutembea nazo mfukoni, hapa si kitu cha kuingia duka lolote la dawa ukakipata. Daktari aliniandikia vichupa na sindano za kawaida, akanionyesha kipimo changu, akatufundisha wote wawili. Mwenzangu anaogopa sindano kuliko nyoka, lakini leo amelidunga chungwa bila kufumba macho. Nimemrudishia yote: paja, upande wa nje, kwanza sindano, ndipo simu, nilale chini, miguu juu, asikubali niinuke hata nikisema nimepoa. Na asihangaike kutafuta vidonge vya muwasho. Vinatuliza vipele, lakini koo likishaanza kuziba au presha ikishuka havifui dafu.

Tatizo letu ni joto. Dawa hiyo haitaki kupita nyuzi 25 wala kukaa kwenye mwanga, nasi hatuna friji, na Mombasa ya Februari na Machi hata ukuta unatoka jasho. Mwenye duka la dawa hapa chini amekubali kunihifadhia vichupa vya akiba. Ninachotembea nacho kiko ndani ya mfuko mweusi chini ya begi, nacho nakibadilisha mapema kuliko tarehe iliyoandikwa.

Jumamosi ijayo binamu wa mwenzangu anaolewa Kisauni. Nilishajiandaa kusema nina mtihani. Badala yake mwenzangu akampigia simu shangazi yake, ndiye msimamizi wa pilau ya wanawake, akanipa simu mkononi bila kuniuliza. "Shikamoo shangazi," nikasema, halafu nikakwama. Yeye hakukwama. Pilau haina njugu, akasema, ila halua imeagizwa dukani na hajui wametia nini, kwa hiyo halua nisahau. Na kama nina wasiwasi, nije alfajiri nikae naye jikoni, nione kila kinachoingia sufuriani kwa macho yangu.

"Na ukija," akaongeza, "njoo na kisu. Vitunguu ni gunia zima."