Mapafu ya baba yaliwaka lakini haikuwa kansa

Naandika hii kwa sababu najua kuna familia saa hii iko pale tulipokuwa sisi. Baba alikohoa kikohozi kikavu karibu mwaka mzima, kliniki ya kwanza wakamuanzishia dawa za TB na makohozi yalikuwa yamepimwa hayana kitu, akameza miezi 6 akamaliza na pumzi ndo inazidi kukata. Daktari wa kifua alipomsikiliza mgongoni huku chini aliniita na mimi nisikilize, wallahi ule mlio siusahau, kama velkro ya kiatu cha mtoto inabanduliwa polepole kila akivuta pumzi. Sitiskani (CT scan) ikaonyesha vishimo kama sega la nyuki, mapafu yameingia makovu, ugonjwa wenyewe unaitwa pulmonary fibrosis.

Sasa kulikuwa na kiuvimbe pia kwenye pafu, na wenye ugonjwa huu kansa ya mapafu huwapata zaidi, ndo tukatumwa Nairobi kwa skani ya PET. Usiku mzima hajala, asubuhi kanyimwa hata chai, akadungwa glukosi, yaani sukari, yenye mionzi akalazwa kimya saa nzima. Mionzi yenyewe inapungua nusu kila dakika 110, kwa hivyo tuliambiwa siku hiyo tu wajukuu wasimkalie mapajani, na hilo ndo lilimuuma kuliko sindano.

Picha zilipotoka nililia. Huku chini ya mapafu pande zote mbili kumewaka kwenye picha, nikajua basi kansa imesambaa. Daktari akasema ngoja, kiuvimbe chenyewe hakijawaka, kilichowaka ni makovu. PET inaonyesha seli zinazokula sukari kwa wingi, si kansa peke yake, na watafiti wa London walishaandika mwaka 2009 kwamba kwa wagonjwa kama baba lile sega la nyuki ambalo watu walidhani limeshakufa ndo linalokula sukari zaidi. Yaani kovu liko kazini.

Sitiskani inakwambia kovu liko wapi, haikwambii kama bado linajengwa. Boston, pale Massachusetts General, wana dawa ya skani inayonasa kolajeni yenyewe, ile protini inayojenga kovu, walishaijaribu kwa watu wakatoa matokeo 2019, naomba Mungu ifike huku, maana dawa za ugonjwa huu, pirfenidoni na nintedanibu, hupunguza kasi tu, kovu lililokwisha kaa haliondoki.

Baba ameanza nintedanibu. Kile kiuvimbe kitapigwa sitiskani tena baada ya miezi 3. Jana alipanda ngazi za msikiti, akapumzika mara moja tu.