Siku moja kwenye majaribio ya dawa ya mgonjwa mmoja

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kumwona mgonjwa, tunapitia dawa zake zote. Ana kisukari, shinikizo la damu, figo dhaifu na lehemu nyingi. Majaribio makubwa ya dawa humkataa mlangoni. Kwa hiyo jaribio linatengenezwa kwa ajili yake peke yake: kipindi cha dawa halisi, kipindi cha plasebo (kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa), kisha zamu inarudiwa. Yeye na daktari wake hawajui kipi ni kipi.

Saa 2. Swali. Hapa ndipo asubuhi nyingi huishia. Mgonjwa anasema, "Dawa ni nyingi, sijui ipi inaniumiza." Hilo halipimiki. Linalopimika ni hili: je, maumivu ya mapaja yanaletwa na atorvastatini (dawa yake ya kupunguza lehemu)? Tunajaribu dawa moja tu, na dozi za nyingine zote hazibadilishwi. Tunajibu kuhusu maumivu, basi. Kama dawa inamkinga na kiharusi au la, hilo halionekani kwa mtu mmoja ndani ya miezi michache.

Kinachoharibu kazi mara nyingi hutoka kliniki nyingine. Mgonjwa anapata kikohozi, anaandikiwa klarithromaisini (antibiotiki), kiwango cha atorvastatini kwenye damu kinapanda, na kipindi kizima hakifai tena. Ndiyo maana kila daktari anayemtibu hupewa barua kabla ya kuanza.

Saa 4. Famasi. Kidonge kinatiwa ndani ya kapsuli namba 00 na nafasi inayobaki inajazwa selulosi (unga usio na dawa). Usipoijaza vizuri, mgonjwa akitikisa kapsuli anasikia kidonge kikigonga, na siri imeisha. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havisagwi kamwe.

Vipindi hupangwa kwa jozi (kimoja cha dawa, kimoja cha plasebo), na kompyuta huchagua kwa bahati nasibu kipi kitangulie katika kila jozi. Ufunguo (orodha ya kipi ni kipi) anao mfamasia, na nakala moja hukaa kwenye bahasha iliyofungwa kwa ajili ya dharura.

Urefu wa kipindi hutegemea kasi ya dawa kutoka mwilini. Ikishapungua nusu mara tano, inabaki kama asilimia 3. Amlodipini (dawa ya shinikizo la damu) huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, kwa hiyo subiri hadi siku 10 hivi. Dawa inayotolewa na figo hukawia zaidi figo zikiwa dhaifu. Anayenakili muda wa kitabuni bila kutazama kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) atachanganya mabaki ya dawa na plasebo. Dawa za jamii ya beta-bloka (za moyo na shinikizo la damu) hazikatwi ghafla, zinapunguzwa hatua kwa hatua.

Saa 6 mchana. Daftari. Alama ya maumivu, 0 hadi 10, kila jioni saa ileile. Alama za wiki nzima zilizojazwa kwa mkupuo mmoja hujulikana: zinalingana mno. Kapsuli zilizobaki zinahesabiwa.

Saa 8. Majibu ya damu: potasiamu, kreatinini. Vikomo vya kusimamisha jaribio viliandikwa mapema, kwa hiyo hakuna mjadala.

Saa 9. Matokeo. Tunachora grafu kwanza, hesabu baadaye. Jozi tatu zote zikionyesha dawa inaumiza, bahati tupu ingeweza kufanya hivyo mara 1 kati ya 8. Kwa maoni yetu hiyo haitoshi kumwachisha mtu dawa inayokinga moyo. Tunapendelea jozi nne.

Uingereza, jaribio la SAMSON (2020) liliwapa watu 60 walioacha statini (jamii ya dawa yenye atorvastatini) kwa sababu ya madhara chupa 12 kila mmoja: 4 za atorvastatini miligramu 20, 4 za plasebo, 4 tupu zisizo na kidonge. Plasebo ilileta takriban asilimia 90 ya usumbufu ulioletwa na statini. Walipoonyeshwa matokeo yao, nusu walirudia dawa. Maumivu yalikuwa ya kweli. Tusimwambie mtu anajifanya.

Saa 11 jioni. Barua kwa madaktari wote: dawa, dozi, tofauti iliyoonekana, na kreatinini ya wakati huo. Figo zikishuka au dawa mpya ikiongezwa, jibu hili linahitaji kupimwa upya.