Koha ilipogoma Jumatatu

"Dada, kompyuta yako inasema maktaba haina hata kitabu kimoja cha uhasibu."

Vilikuwa vimejaa rafu nyuma yake. Nikaandika "uhasibu" mwenyewe: sifuri. "Biashara": sifuri. Cha ajabu, nikichukua kitabu chenyewe na kupitisha bakodi, kinaazimika vizuri tu.

Tunatumia Koha, programu ya kuendesha maktaba. Ilitengenezwa New Zealand, kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Haya, zawadi ikigoma unamfuata nani? Fundi aliyetufungia alishalipwa zamani, na namba yake haipatikani.

Nikampigia mkutubi mwenzangu wa chuo cha jirani. Hakunipa hata pole.

"Mligusa nini?"

"Ijumaa tulisasisha seva."

"Mko toleo gani sasa?"

Sikujua. Akacheka mpaka nikaona aibu. "Bonyeza 'Kuhusu Koha', dada, ndipo uende kuuliza watu."

Watu wenyewe, watumiaji na watengenezaji wa Koha wanaojitolea, wako kwenye chaneli ya #koha, mtandao wa gumzo wa OFTC. Niliingia saa nne usiku, New Zealand ikiwa asubuhi. Mara ya kwanza niliandika kwa Kiingereza changu cha haraka kwamba utafutaji umekufa, naomba msaada. Kimya. Nikanuna, kana kwamba nimewaajiri. Baadaye nikaandika upya: toleo, mfumo endeshi wa seva (Debian), tulichofanya Ijumaa, na kwamba bakodi inasoma ila utafutaji hauleti kitu. Haikupita robo saa, mtu akajibu kwamba hiyo bakodi ndiyo imemwonyesha tatizo. Kuazimisha kunasoma hifadhidata moja kwa moja. Kutafuta kunapitia faharasa ya Zebra, injini ya utafutaji ya Koha yetu, na faharasa hiyo ilikuwa tupu. Akanipa amri moja, koha-rebuild-zebra -f -v, mwishoni niweke jina la maktaba yetu. Nikakaa nikitazama rekodi zikihesabiwa, chai ikipoa.

Asubuhi "uhasibu" ilileta vitabu 63.

Ila wiki ya mitihani siwezi kukaa nikiombea mtu wa kujitolea awe macho. Zipo kampuni zinazohudumia Koha kwa malipo, na sioni ubaya wa kuzilipa: programu ni bure, muda wa mtu si bure. Nimeandika dokezo la bajeti. Liko mezani kwa mkuu wa chuo, chini ya lile la feni.