Nimemchapa bila fimbo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Zamu ya tafakari wiki hii ni yangu na nilishajiandaa mapema kabisa, nilitaka tuangalie Mhubiri 9, ule mji mdogo wenye watu wachache, mfalme mkubwa akaja akauzingira, alafu maskini mmoja mwenye hekima ndo akauokoa na baadae hakuna hata aliyemkumbuka. "Hekima ni bora kuliko nguvu." Nilikuwa na pointi tatu nimeziandika nyuma ya daftari langu la korosho. Sasa ile ya kwanza, kwamba neno lina nguvu kuliko mabavu, imenikaba koo tangu Jumatatu, hizo mbili zingine mtanisamehe.

Mnanijua mi sio mtu wa fimbo. Watoto wangu wanne sijawahi kumchapa hata mmoja, mama yao sijawahi kumnyooshea mkono, na kwa huku kwetu Masasi nimekuwa nikilisema hilo kwa kujisifu kidogo, hata kwenye semina ya ndoa mwaka jana nililisema. Kumbe.

Jumatatu tulikuwa shamba tunaokota. Huyu kijana wangu wa pili alimaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo hayakuwa mazuri, yupo nyumbani. Nikagundua kuna korosho kama kilo nane hivi hazipo, nikauliza, akakubali mwenyewe kwamba kawauzia watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kimagendo. Wala hakudanganya, hilo mlishike. Hapo vibarua watatu wamesimama wanasikiliza, na jirani yupo mpakani kwake. Mkono sikuinua. Nikamwambia tu hivi: "Wewe hata mkorosho usiozaa una afadhali, tunaukata tunapata kuni."

Vibarua wakacheka. Yeye akainama akaendelea kuokota, ananyofoa korosho kwenye bibo, lile tunda lake, anatupa bibo, anachukua lingine, taratibu kabisa kama hajasikia kitu. Jioni hakula. Jumanne asubuhi kaondoka kaenda kwa bibi yake Newala. Mama yake akaniambia, "Baba Neema, bora ungemchapa. Fimbo ingekuwa imeshapoa saa hizi."

Usiku nikafungua Biblia nitafute mfano wa kuongezea kwenye tafakari, nikaangukia kwa Abigaili mke wa Nabali, 1 Samweli 25. Stori tunaijua wote. Daudi anapanda na watu mia nne, kila mtu kajifunga upanga wake, wanaenda kufuta nyumba ya Nabali. Yule mama anashuka na punda wake, mikate mia mbili, kondoo watano, zabibu, anainama chini anaongea, na panga mia nne zinarudi nyumbani bila kufanya kazi. Siku zote nimeihubiri hivyo, nguvu ya maneno ya hekima. Ila hizo panga zilitolewa na nini? Si mdomo wa Nabali! "Daudi ni nani? Na mwana wa Yese ni nani?" Hakurusha hata jiwe, aliongea tu mbele ya vijana waliokuja kumwomba chakula kwa heshima. Mdomo mmoja umeita panga mia nne na mdomo mwingine umezirudisha, ndani ya nyumba moja, mume na mke. Na mimi miaka yote nasoma hiyo sura nikijihesabu upande wa Abigaili.

Kwahiyo tukiulizana kama neno lina nguvu kuliko mabavu, jibu ni ndiyo, halina mjadala. Ila tunalijibu kwa furaha sana, kama vile hiyo ni habari njema tu. Mithali 18:21 inaanza na mauti, wapendwa. "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi." Na hata neno likiwa sio la kweli bado linafanya kazi, hilo ndo linanitisha zaidi. Sisi watu wa kusini tuna ushahidi wake. Mwaka 1905 kule Matumbi, Kinjikitile Ngwale hakuwa na jeshi wala bunduki, alikuwa na neno, kwamba maji yatazigeuza risasi za Mjerumani ziwe maji. Wajerumani wakamnyonga mapema tu, mwezi wa nane mwaka huohuo, lakini neno lilishatoka Ngarambe linatembea, likaunganisha makabila ambayo hayajawahi kukaa pamoja, likafika mpaka huku Masasi misheni ikachomwa, likafika Ungoni kwa Wangoni, vita ya Maji Maji hiyo, ikaenda mpaka 1907. Bunduki ilimuweza mtu, neno haikuliweza. Na risasi hazikugeuka maji, watu wakafa kweli, alafu mashamba na maghala yakachomwa ikaja njaa ikaua wengi zaidi. Siwalaumu wazee wetu, walikuwa wanadai utu wao. Nachosema ni kwamba mtu akiliamini neno atalitembelea mpaka mwisho, liwe kweli au uongo. Na mtoto anamwamini baba yake kuliko mtu yeyote.

Sasa niseme na sisi tunaojiona wapole. Mzee wa kanisa, mama wa umoja, mwalimu wa Sunday school, wewe ambaye hujawahi kupiga mtu. Hivi mkeo anaanza kukuangalia usoni kabla hajasema kitu, kwa nini? Mtoto anapitia mlango wa jikoni ukiwa sebuleni, kwa nini? Huna fimbo, sawa, ila umemwambia mara ngapi kwamba kafanana na ukoo wa mama yake, kwamba shule imepoteza hela, kwamba dada yake ndo mtu? "Kuna anenaye bila kufikiri, kama kuchoma kwa upanga," Mithali 12:18. Upanga jamani, ameandika upanga. Na ukishachoma unasema nilikuwa natania. Acha hiyo. Mimi naacha.

Jana nikapanda gari nikaenda Newala. Njia nzima natengeneza maneno, nimeyapanga vizuri na mstari wa kufungulia ninao. Nimefika nyumba ya mama mkwe, sio mbali na Shimo la Mungu, lile bonde kubwa, nikamkuta kijana barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. "Shikamoo baba." Nikaitikia, na maneno yote yakapotea. Mama mkwe akatandika mkeka, akatuangalia, akaingia zake jikoni. Nikakaa. Nikaokota jiwe nikaanza kubangua na mimi, mbili za kwanza nimezivunjavunja. Baadae sana ndo nikasema, "Lile neno la shambani halikuwa kweli. Nilikosea, nisamehe."

Akasema "sawa baba," akanisogezea korosho nyingine.

Ile sawa yake sijaielewa bado. Niombeeni, na yeye mumuombee. Hatukurudi wote, nauli yake nimeiacha kwa bibi.