Kitu ambacho hakipo

Siku ya tano leo na sauti ya Shangazi bado haijanitoka. Ile simu ya Jumapili, mnamjua, hakusalimu mpaka ajue umekula nini. Nikamwambia nimekula viazi, sasa namsoma Carleson. Ndiye nani? Mwanahisabati wa Kiswidi, nikasema, kazaliwa Stockholm 1928, uzamivu kaupatia hapahapa Uppsala mwaka 1950. Kafanya nini? Hapo nikajitia ujuzi: kathibitisha kwamba korona haipo.

Kimya. Kisha: "Haipo? Na wale tuliowazika?"

"Siyo ile, Shangazi. Hii ya hesabu." Nikamweleza kuna duara, kuna fomula za namba changamano zinazoishi ndani yake, na watu walishuku ng'ambo ya ukingo kuna sehemu ambayo ukitokea ndani huikaribii kamwe. Hiyo ndiyo waliiita korona. Mwaka 1962 Carleson akaonyesha hakuna kitu huko.

"Kwa hiyo we mtoto miaka minne uko kwenye baridi, unasomea kitu ambacho hakipo."

"Ndiyo, Shangazi."

Ndiyo! Ningeweza kusema lolote. Nimelirudia jibu hilo kwenye basi, bafuni, hata msimamizi aliponirudishia sura ya tatu ya tasnifu yangu imejaa wino mwekundu, na siku dada alipojifungua (wa kiume, salama wote).

Jumatano usiku nikafungua ile kazi nyingine ya Carleson. Mwaka 1915 mwanahisabati Luzin, kule Moscow, alibashiri hivi: chukua wimbi ambalo mraba wake una jumla yenye kikomo, livunje kuwa mawimbi mepesi ya sini na kosini, halafu yajumlishe tena moja baada ya jingine. Utalirudia wimbi lako karibu kila mahali. Wengi hawakuamini, maana mwaka 1923 mwanahisabati mwingine, Kolmogorov, alishatoa wimbi la aina pana zaidi linalogoma kurudi karibu kila mahali. Carleson naye hakuamini. Alihangaika miaka akisaka mfano wa kumvunja Luzin, kila anaoujenga unambomokea mikononi, mpaka akaanza kujiuliza kwa nini unabomoka. Sababu ile ndiyo ikawa uthibitisho: 1966, kurasa 23 kwenye jarida la Acta Mathematica. Tuzo ya Abel, ile kubwa ya hisabati, ikamfikia 2006.

Yaani mzee naye alikuwa baridini anatafuta kitu ambacho hakipo! Nikacheka peke yangu jikoni, na jirani akagonga ukuta.

Jumapili namsimulia Shangazi. Najua atakachojibu: "Haya, yeye walimpa tuzo. Wewe ile sura ya tatu wamekupa nini?" Aseme tu, safari hii nitacheka naye.

Ila jino limeanza tena. Lilelile la chini kulia nililowasumbua nalo Novemba, na chai ya moto nimeshaanza kuinywea upande mmoja.