Haifai, Haifai

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimeandaa neno kuhusu kufunga, nimeliweka pembeni. Kuna maneno ya mtoto yamenikwama kooni tangu Jumamosi.

Mama watoto amejifungua, ana wiki ya 3 sasa, kwa hiyo sokoni naenda mimi. Jumamosi nikamchukua kijana wangu wa miaka 5 tukashuka soko la Kilombero hapa Arusha, yeye na kapu, mimi na karatasi niliyoandikiwa: nyanya, vitunguu, karoti, maharage sado moja, ndizi za mtori. Miaka yote hii nimejua bei ya dizeli kuliko bei ya nyanya. Hilo nalo linahitaji toba, ila tuliache.

Tukafika kwa mama mmoja, amepanga mafungu yake juu ya kiroba. "Fungu elfu mbili, baba. Karibu na wewe mume wangu," akamwambia kijana, akacheka naye.

"Mama, hizi zimeshalainika, kesho hazifiki. Chukua elfu moja na mia tano."

"Mzigo umepanda, baba."

Nikaishusha sauti. "Basi mama yangu, ndiyo hela niliyobakiwa nayo. Sina nyingine."

Akanitazama, akamtazama mtoto, akaanza kutia nyanya kwenye kapu. Ndipo mwanangu akanivuta suruali: "Baba, si ile nyekundu umeiweka mfuko wa shati!"

Elfu kumi nzima. Safu yote ya akina mama ikaangua kicheko. Mwenye nyanya akampa kijana karoti ya nyongeza, akasema, "Mume wangu hadanganyi." Nami, wapendwa, nikalipa ile ile 1,500 nikaondoka. Njiani, karoti mdomoni, mtoto akauliza, "Baba, kwani nyanya ni mbovu?" Nikamwambia nzuri. "Sasa mbona ulimwambia bibi ni mbovu?"

Usiku nikafungua Mithali 20:14. Mnunuzi husema haifai, haifai, akishaondoka, hujisifu. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi sana, nikapita tu. Mizani ya hadaa ya Mithali 11:1 tunaihubiri kila mara, na wauzaji ndio tunaowatolea macho. Ni nani amewahi kumhubiria anayenunua? Sheria ya nchi inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anamlazimisha mkulima alishone lumbesa, kilemba juu, kwa bei ya gunia moja. Naye Jumapili anaimba kwaya.

Sisemi tusipatane bei. Kupatana ni salamu ya soko. "Mama, nipunguzie" si dhambi, naye ana haki ya kukataa. Dhambi ni ile "sina" na elfu kumi ikikuchoma kifuani. Tena angalieni tunamwambia nani. Supamaketi bei imebandikwa, tunalipa kimya, hata asante tunasema. Uongo wetu tunamtunzia mama aliyekaa chini juani tangu alfajiri.

Wababa wenzangu, niwaseme kidogo, nami nikiwemo. Kumbukumbu la Torati 6 inatuagiza tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani. Nyumbani tunajitahidi, sala ya jioni ipo. Huko njiani tunadhani darasa limefungwa. Mtoto hajui kwamba sokoni kuna ruhusa ya pekee. Anajua baba amesema sina, na baba anayo.

Na ile nyekundu niliitia kwenye kapu la sadaka Jumapili. Nikajisikia vizuri kabisa! Bwana aliwaambia Mafarisayo, waliotoa zaka hata za mboga kama mnanaa na bizari, kwamba wameacha adili. Mimi hata mboga zenyewe nilizipata kwa uongo.

Jumatano nikarudi naye. Yule mama hakunikumbuka mimi, alimkumbuka kijana. Nikampa 500, nikamweleza ya Jumamosi.

"Lakini baba, ile bei si nilishaikubali?"

Nikamwambia haikuwa bei, mama, nilikudanganya. Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, kisha akamwinamia kijana: "Haya mume wangu, na leo baba ana shilingi ngapi mfukoni?"

Mwanangu akanitazama mimi kwanza.