Tarakimu Moja

Mei 2017 ilinikuta nina miezi mitano bila kazi. Ajira za serikali zilikuwa zimesimamishwa tangu mwaka uliotangulia kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 28 Rais Magufuli alikuwa amekabidhiwa Dodoma ripoti ya vyeti vya kughushi: watumishi 9,932. Kwenye daladala za Dar watu walitajiana nani mtaani kwao hajaonekana akienda kazini. Mimi nilikuwa na amani. Vyeti vyangu vilikuwa vyangu.

Nilikuwa nimejiandikisha kwa wakala wa ajira mwenye ofisi Posta. Dada aliyenishughulikia aliniita "mdogo wangu" na kunipigia hata usiku kunitia moyo. Hakunitoza hata shilingi, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini, maana wakala wa kweli hulipwa na mwajiri. Alisisitiza jambo moja tu: CV niitume kwa Word, si PDF. Alieleza kwamba wao huondoa namba ya simu ya mwombaji na kuweka nembo yao juu, mwajiri asije akawazunguka. Nikaona ni haki yao. Sikuomba kuona kilichokuwa kinatoka.

Usaili ulikuwa Barabara ya Nyerere, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Walikaa watu watatu: mama wa rasilimali watu, kijana mmoja aliyekuwa akiandika, na mhasibu mkuu, mzee mwenye miwani shingoni. Nikawaamkia, tukaanza vizuri. Mzee akauliza kuhusu ritani za VAT, zile taarifa za kodi za kila mwezi, nikajibu. Kisha akasema, "Kwa karibu miaka mitano binti utakuwa umeshaona ukaguzi wa kodi wa TRA si mara moja."

Karatasi ilikuwa mbele yake, kwangu imepinduka. Nilisoma polepole. Nembo ya wakala, jina langu, duka la vifaa vya ujenzi Gerezani nililotunzia hesabu. *Aprili 2012 hadi Desemba 2016.* Mimi niliandika 2015. Mwaka 2012 nilikuwa bado darasani. Nikatafuta sehemu ya elimu. Shahada ilikuwepo, miaka ya masomo haikuwepo. Hapo nikajua kidole hakikuteleza.

Mikono ilikuwa ya baridi. Nilifungua bahasha ya kaki niliyobebea vyeti, nikatoa nakala yangu niliyochapa steshenari asubuhi ile, nikaisukuma mezani. "Samahani mzee, hiyo si niliyoandika. Nimefanya kazi mwaka mmoja na miezi minane." Akavaa miwani, akaziweka karatasi mbili bega kwa bega. Mama akamtazama kijana, kijana akaacha kuandika.

Hawakunitoa nje, na hadi leo nawashukuru. Mzee akauliza, "Jumla ya mwezi ya ripoti za Z, zile za mauzo ya kila siku kwenye mashine ya risiti ya EFD, ikipishana na ritani, unaanzia wapi?" Nikasema naanza siku kwa siku, naitafuta siku ambayo mauzo hayakuingizwa kwenye daftari. Akatikisa kichwa kukubali. Kazi alipewa mtu mwingine.

Nilimpigia dada nikiwa bado kituoni. Hakukana. "Mdogo wangu, tangazo lilitaka miaka mitatu. Nilitaka tu wakuite, ukishaingia uwezo unao." Naamini alimaanisha, na ndiyo maana iliniuma zaidi: alinihurumia kwa kuandika uongo juu ya jina langu, wiki ambazo nchi nzima ilikuwa ikiwataja watu wa namna hiyo. Nikamuuliza ameipeleka wapi kwingine. Akanyamaza, kisha akataja kampuni mbili.

Kesho yake nilichapa nakala mbili na barua fupi ya kusahihisha. Ya kwanza niliiacha Mikocheni kwa mlinzi, kwa kuwa mapokezi hakukuwa na mtu. Ya pili niliipeleka Pugu Road, jua la saa saba likiwaka. Dada wa mapokezi aliisoma barua yote akiwa amesimama. Akaniuliza kama nina nakala ya kubaki nayo, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, akasaini.

Ninayo. Wino wa muhuri umefifia, ila 2015 inasomeka.